Furaha Isiyo Kiporo

Kwenye luninga za watu, mlango wa chombo cha anga cha *Kaya ya Zohali* ulifunguka wenyewe na kutoa mlio wa mtu anayeshusha pumzi. Kule Korogwe, ndani ya jengo kuukuu walimokuwa wakichambulia mkonge zamani, mlango huohuo ulifunguliwa na mafundi wawili waliovuta kamba za katani, kila mmoja upande wake, na yule wa kushoto daima alichelewa kidogo. Vitufe vya usukani vilikuwa vizibo vya soda vilivyopakwa rangi ya fedha. Vumbi la mwezi wa Zohali lilikuwa majivu ya pumba za mpunga, yamechekechwa mpaka yakalainika, na kila aliyeyakanyaga alirudi kwao na kikohozi. Watazamaji waliyajua yote hayo, maana siri za kazi hii hazikai, na wala hayakuwanyima usingizi. Walichokataa kubandikiwa kilikuwa kimoja tu, nacho ni moyo wa mwigizaji.

Mioyo ilikuwa kazi ya Nakijwa Mchome, mama wa makamo aliyekaa nyuma ya kioo kipana, mgongo kwa ukuta, kipaza sauti mdomoni.

"Hoza," alisema asubuhi ile, "umekula nini leo?"

"Chai, dada Naki."

"Chai na nini?"

"Chai na matumaini."

"Basi nenda kale. Njaa yako inapita katikati ya ushujaa. Unataka nchi nzima isimame iende jikoni kama safari ile?"

Watu wakacheka. Hoza Semkiwa naye akacheka, kwa tahadhari, maana ndevu zake nyeupe zilikuwa zimegundishwa unywele kwa unywele tangu alfajiri. Ndiye mwigizaji mkuu wa mchezo, kijana ambaye hata mvi moja hana, lakini siku hiyo mtu wa mekapu alikuwa amemfanya mzee wa miaka sitini na ushee. Akaenda pembeni, akala maandazi kwa kuyamega vipande vidogo vidogo kama anayemlisha ndege.

Shingoni alivaa mkufu mwembamba wenye taa ya kijani penye koo. Mkufu ulinasa alichohisi na kukipeleka mezani kwa Nakijwa, nacho kikapanda kwenye kioo kwa nyuzi za rangi: furaha njano, hofu buluu, huruma zambarau. Kazi ya Nakijwa ilikuwa kuchuja. Njaa, kiatu kinachobana, kinyongo cha jana, vyote vilibaki kwenye chujio, na kilichosafika kikamfikia mtazamaji aliyeketi kwake na mkufu wake shingoni. Tena mikufu ya waigizaji ilisikilizana yenyewe kwa yenyewe kupitia meza hiyohiyo. Anayeigiza mama alihisi kweli moyo wa anayeigiza mwana, na mwana akahisi wa mama. Hapo ndipo *Kaya ya Zohali* ilipowaacha wenzake mbali.

Usiniulize kwa nini hawakuweka akiba ya furaha kabatini wakawa wanaichota. Walijaribu. Msimu wa pili waliitia furaha ya harusi iliyonaswa mwaka mzima kabla kwenye sini ya mavuno, na watazamaji wakavua mikufu kabla ya tangazo la kwanza. Furaha ni kama wali: ukiupasha moto unalika, lakini mlaji anajua ni kiporo. Kwa hiyo kila sini ilitaka hisia mbichi, ya siku inayopigwa, ya mtu huyo, na sini ya siku hiyo ilikuwa ya mwisho katika mchezo mzima. Baharia aliyeondoka duniani akiwa kijana anarudi mzee, anabisha hodi, na mama yake aliyepita miaka tisini anamfungulia. Msimu mzima ulikuwa ukielekea kwenye mlango huo.

*

Simu ya waya iliyotundikwa ukutani ililia wakati Hoza akipangusa sukari kwenye ndevu. Ndiyo simu pekee mle ndani. Za mikononi zote ziliachwa getini, kwa sababu mawimbi yake yaliichafua mikufu.

"Haloo. Hapo ndipo kwenye michezo ya Hoza?" Ilikuwa sauti ya mzee.

"Ndipo. Shikamoo," Nakijwa akajibu.

"Marahaba. Mimi ni mjomba wake, Shekwavi, napiga kutoka Bumbuli. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Nakijwa, nafanya naye kazi."

"Wewe ni mtu mzima?"

"Mtu mzima, mjomba. Nina watoto wako sekondari."

"Afadhali. Basi simu usimpe yeye. Mwambie taratibu kwamba mama yake hali si nzuri, aje nyumbani leo. Na asije peke yake. Mtu mzima mmoja aje naye."

 Nakijwa hakuuliza neno, kwa sababu hayo hayaulizwi. Baba yake mwenyewe alipofariki kule Same, aliitwa kwa njia hiyohiyo: simu kwa jirani, jirani akaja na uso wa kuazima, "mzee hajisikii vizuri, nimeambiwa nikusindikize." Alipofika kona ya nyumbani akaona turubai na viti. Huku kwetu kifo hakitamkwi kwenye waya. Anapewa mtu mzima akibebe, na mfiwa hukikuta mlangoni kwao, penye watu wa kumshika.

"Tumesikia, mjomba. Poleni sana."

"Ahsante, mwanangu," mzee akasema, na simu ikakatika.

Alimkuta dairekta nyuma ya pazia, karibu na kimondo walichokitengeneza kwa magodoro ya zamani. Vumilia Shemweta hakuwa mwanamke mbaya, na ninayasema haya mapema kabla hujamchukia. Alikuwa ameuza shamba la urithi ili mchezo uanze, na wafanyakazi wake wakifiwa yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na kijiko cha kupakulia pilau. Alisikiliza mpaka mwisho. Akakaa juu ya kimondo.

"Maskini Hoza," alisema. "Mama yake alinisukia kikapu."

"Tumwambie sasa, dada Vumi. Gari lipo."

 "Naki, tukimwambia sasa, yule mtu hatafurahi kwa mwaka mzima. Wewe ndiye unayejua kuliko sisi sote. Na juma lijalo mchezo unatakiwa hewani."

"Najua."

"Kwao ni Walutheri, hawaziki leo wala kesho. Marehemu hana haraka. Tupige sini hii moja, kisha nitampeleka mwenyewe, nitakaa naye matanga yote." Alimshika Nakijwa mkono. "Na fikiri. Hata wao wenyewe hawataki aambiwe. Wamesema afichwe mpaka afike. Tutakuwa tumefanya walichotaka, tumechelewa tu kidogo njiani."

Maneno hayo yalikaa vizuri mno, na hilo lingemtisha mtu mwenye akili zilizotulia. Lakini Nakijwa aliwaona mafundi wa kamba, mtu wa mekapu, mama wa chai, wote wakiutegemea mlango ule mmoja. Akarudi mezani kwake.

*

Teki ya kwanza iliharibika, na aliyeiharibu alikuwa na moyo mzuri. Bi Mwanamkuu wa Pangani, aliyeigiza mama, alikuwa bibi mwenye miaka yake ya kutosha kuwa amezika watoto wawili. Alimwona Nakijwa akirudi, akamwita, akamtazama mara moja tu usoni, na Nakijwa akajikuta amemnong'oneza yote. Bibi akasema "innalillahi" kwa sauti ya chini, akajifunga kanga yake ya sini, akaenda kusimama nyuma ya mlango.

Hoza alibisha hodi. Mlango ukafunguka. Njano ikaanza kupanda kwenye kioo cha Nakijwa, kisha zambarau ya Bi Mwanamkuu ikaifuata, ikaifunika, ikamwagika mpaka upande wa Hoza.

Hoza akarudi nyuma hatua moja. "Bi Mwanamkuu, mbona unanionea huruma?"

"Mimi ni mama yako, mwanangu," bibi akajibu. "Mama humhurumia mwanawe hata akiwa anacheka."

"Hii siyo hiyo," Hoza akasema, akijishika penye koo. Lakini alikuwa mtu wa kuamini watu, akatikisa mabega, wakaanza upya.

Kabla ya teki ya pili, Nakijwa aliweka kidole kwenye kifungo cha zambarau. Kazi yake ilikuwa kuchuja uchafu usimfikie mtazamaji. Hakuwahi hata siku moja kumchujia mwigizaji moyo wa mwenzake. Alikibonyeza. Huruma yote ya Bi Mwanamkuu ikabaki mezani pake, imejaa, haina pa kwenda, na Hoza akapita mlangoni akiwa mwepesi. Njano ilipanda vizuri. Ingekuwa teki ya mwisho kama fundi wa kushoto asingechelewa na kamba. Bawa moja la mlango likakwama nusu, na mama wa miaka tisini akaonekana akimkaribisha mwanawe kwa kumchungulia.

"Kata," Vumilia akasema. "Tengenezeni hilo lango. Hoza, mwanangu, ulikuwa safi. Unafikiria nini ukiingia?"

"Namfikiria mama," Hoza akasema bila haya. "Nikienda nyumbani hodi ya kwanza huwa haitiki, anajifanya hasikii. Ya pili anauliza, nani huyo anayenivunjia mlango? Basi huwa nacheka hata kabla hajafungua."

Hakuna aliyemtazama machoni. Nyundo zikaanza kugonga mlangoni.

*

Nakijwa hakuweza kukaa. Mkono wake ulitaka kufanya kitu cha heshima, basi akafikiria rambirambi: nani atachanga, gari gani litabeba wenzake, mazishi ni lini. Hilo angeweza kuliuliza bila Hoza kujua. Akatafuta namba iliyokuwa imepiga, akaipigia.

"Shikamoo, mjomba. Ni Nakijwa tena. Samahani kuwasumbua kwenye msiba. Tulitaka kujua mazishi yatakuwa lini, tujipange."

 Kwenye waya, kwa mbali, jogoo aliwika, na mtu alikuwa akikoroga kitu kwenye sufuria.

"Mazishi ya nani?" mzee akauliza.

Nakijwa akausogeza mkono wa simu karibu zaidi na sikio.

"Mwanangu, mazishi ya nani? Dada yangu yuko hapa, namnywesha uji kijiko kwa kijiko. Tangu asubuhi anauliza kama gari limeshapita Soni. Hamjaondoka?"

"Ulisema... ulisema asije peke yake."

"Kwa sababu namjua. Akisikia mama anaumwa atakimbiza gari kwenye zile kona mpaka tuwe na misiba miwili. Ulisema wewe ni mtu mzima. Nikakwambia hali si nzuri. Sasa mwenye mgonjwa siku hizi asemeje? Ukisema mgonjwa, watu wanakuletea jeneza." Sauti ya mzee ilianza kukatika. "Hana siku nyingi, mwanangu. Sijui kama ana leo yote. Mleteni mtoto."

Aliposhusha mkono wa simu, nyundo zilikuwa zimenyamaza. Mlango ulikuwa umepona. Teki ya tatu ilikuwa imeshaanza bila kumngoja, maana meza ilikuwa imewashwa na kifungo cha zambarau bado kimebonyezwa kama alivyokiacha.

Hoza alikuwa akitembea kwenye majivu kuuelekea mlango, mzee mwenye ndevu nyeupe, bega moja chini. Kwenye kioo, njano ilikuwa ikipanda kama Nakijwa hajawahi kuiona katika misimu yote. Haikuwa na doa. Bado ilikuwa kubisha hodi, kufunguliwa, kukumbatiana. Muda wa kuchemsha yai. Baada ya hapo mafundi wana kazi, mama wa chai ana kazi, Vumilia anarudisha shamba lake, na nani angejua? Nakijwa alisimama na wazo hilo na lilikuwa tamu, siwezi kuficha. Hoza akainua mkono. Akabisha hodi ya kwanza, na kwa kuwa Bi Mwanamkuu alikuwa amemsikia akisimulia, hakuitika.

Hoza akaanza kucheka.

Nakijwa akatoka nyuma ya meza. Akapita mbele ya kamera, kitu ambacho hata paka wa pale hathubutu, akakanyaga vumbi la Zohali kwa malapa yake, akamshika Hoza mkono kabla hajabisha hodi ya pili.

"Hoza. Mama yako anaumwa sana. Yuko hai, anakungoja. Twende sasa hivi."

Vumilia hata hakusema kata. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nakijwa alipompita alimwambia, "Yuko hai, dada Vumi. Tulimzika sisi," na dairekta akatazama chini, akachomoa funguo za gari lake, akamwekea mkononi.

*

Tatizo lilikuwa kwamba Hoza hakuamini.

"Usinifiche, dada Naki," alisema walipoipita Mombo na kuanza kupanda. Nakijwa ndiye aliyekuwa kwenye usukani. "Mimi si mtoto. Mama amekufa saa ngapi?"

"Hajafa. Nimeongea na mjomba wako kwa mdomo wangu."

"Mjomba ndiye amekwambia unisindikize?"

"Ndiye."

"Basi." Akageukia dirishani.

Alimpa simu yake, aliyoichukua getini, ampigie mwenyewe. Mjomba akasema mama yupo ila amepitiwa na usingizi, asimwamshe, waendelee kuja. Hoza akamrudishia simu na kusema, "Unaona? Amelala," na machozi yakaanza kushuka kwenye mikunjo ya mpira iliyobandikwa mashavuni. Nakijwa alimwapia. Alimwapia kwa wanawe. Kila alivyosisitiza ndivyo alivyozidi kufanana na watu wote waliowahi kumsindikiza mfiwa nyumbani, na mwishowe akaona afadhali anyamaze. Aliumia sana kusema kweli na isikubaliwe, huku akijua kwamba saa chache nyuma yeye naye aliikataa.

Karibu na maporomoko ya Soni, Hoza akasema, "Kwenye teki ya kwanza nilihisi huruma. Ya pili ikakatika ghafla, kama mtu kafunga bomba. Nani aliyeifunga?"

"Mimi."

"Mlikuwa mnajua."

"Tulidhani tunajua. Nilikuziba makusudi, Hoza. Tungekuwa tumeshafika."

 Gari likapinda kona, likapinda nyingine, kando yao chai imepandwa mpaka kwenye ukingo wa bonde. Kimya cha Hoza kilikuwa kizito, na Nakijwa alikibeba bila kujitetea kwa kuwa kilikuwa halali yake.

Walipofika, uani hapakuwa na turubai. Palikuwa na jirani mmoja anachambua mboga na mjomba Shekwavi amesimama na bakuli mkononi. Hoza alishuka na kusimama palepale, anatafuta viti vya msiba kwa macho, havioni, mpaka ikabidi mjomba aweke bakuli chini amshike.

"Nani huyu mzee?" mjomba akauliza, kisha akamtambua. "Yesu wangu. Wamekufanya nini?"

"Ni mekapu, mjomba. Shikamoo. Yuko?"

"Yuko. Ameamka. Ingia kabla hajachoka."

Hapo ndipo Nakijwa alipoiona taa ya kijani. Ilikuwa inawaka penye koo la Hoza, chini ya ndevu. Kwa haraka ya kuondoka, hakuna aliyemvua mkufu. Mkufu ulikuwa umenasa na kuhifadhi safari yote, kona kwa kona, na sasa ulikuwa unanasa mtu aliyelia mama yake njia nzima na anakwenda kumkuta hai. Hakuhitaji kioo kujua kilichokuwa kinapanda mle ndani. Ilikuwa sini yao ileile, mlango, mwana mwenye mvi, mama, na hakuna mwigizaji duniani angeifikia. Ingeuponya msimu, ingewaponya watu wote kule majivuni. Na Hoza mwenyewe alikuwa amesahau.

"Subiri kidogo," Nakijwa akasema.

Akanyoosha mikono nyuma ya shingo ya Hoza, akafungua kishikizo, akautoa mkufu. Taa ikazimika kiganjani mwake. Hoza alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Soni macho yake yalilegea. Kisha akaugeukia mlango wa mbao na kubisha hodi.

Ndani kimya.

Akabisha tena.

"Nani huyo anayenivunjia mlango?" Sauti ilikuwa nyembamba, ya kutafutwa kwa sikio, lakini ilikuwepo.

Hoza akaingia. Mlango ukarudi nusu nyuma yake. Nakijwa na mjomba walibaki uani, na kwa heshima walitazama mboga za jirani, ila masikio hayana mlango.

"Baba Hoza?" mama akauliza.

"Ni mimi, mama. Hoza. Hizi ndevu ni za kazini."

 Kitanda kililia, kama mtu kainama juu yake.

"Sogea kwenye mwanga," mama akasema. "Hebu geuka. Na huku." Akapumzika kwanza. "Kumbe uzee utakukaa vizuri. Nilikuwa nasikitika kwamba sitauona."

Kisha ikatoka sauti ya Hoza, ndefu, inapanda na kushuka, haina maneno ndani yake. Mjomba Shekwavi aliinamisha kichwa kusikiliza.

"Anacheka au analia?" akamuuliza Nakijwa.

Nakijwa, ambaye kwa miaka mingi alilipwa kulijua hilo tu, alikuwa ameukunja mkufu uliozimika ndani ya ncha ya kanga yake na kuufunga fundo.

"Sijui, mjomba," alisema, na akajipangusa macho.